Uhakiki wa Fasili za Kikamusi za Hatua za Ukuaji wa Nazi: Mtazamo kutoka Wambaa, Pemba

1.0 Utangulizi

Uhakiki huu unachunguza namna kamusi za Kiswahili zinavyofasili majina ya hatua za ukuaji wa tunda la mnazi, yaani kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, pamoja na majina mawili yanayofuata baada ya tunda kukomaa, mbata na joya. Hoja inayotetewa ni kwamba majina haya hayagawi umri wala ukubwa wa tunda, kama fasili nyingi zinavyoashiria. Yanagawa hali ya akiba iliyomo ndani yake: sukari iko wapi, mafuta yameanza kushika lini, na kipi kimepungua ili kingine kiongezeke. Fasili zikiacha jambo hili zinamwachia msomaji orodha ya majina yenye mpangilio sahihi lakini isiyo na maana ya kutosha.

Wambaa, katika Wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba, imechukuliwa kuwa mahali pa kusimama wakati wa kuzisoma fasili hizo. Pemba inajulikana zaidi kwa karafuu, na wasomi wa uchumi wa kisiwa hicho wameandika mengi kuhusu zao hilo. Hata hivyo, mnazi ndio mti unaoingia kila siku katika chungu, taa, paa na kamba za mkaazi wa pwani ya magharibi ya kisiwa. Mtu wa Wambaa hahitaji kamusi ili kulitambua koroma. Swali la uhakiki huu ni tofauti: je, mtu huyo akiifungua kamusi, atalikuta humo koroma analolijua? Na je, msomaji wa Dodoma, Kampala au Muscat ambaye hajawahi kulishika koroma atalipata kwa kusoma fasili hiyo?

Uhakiki haukukusanya takwimu za wasemaji. Umesoma fasili kama matini, ukazilinganisha na matumizi ya kila siku ya watu wa pwani, kisha na yale yanayojulikana katika fiziolojia ya mbegu. Katika sehemu ya nne, soya imeletwa kuwa kioo cha kulinganishia, kwa kuwa ndiyo mbegu ambayo mgawanyo wake wa protini, mafuta na sukari umechunguzwa kwa kina zaidi kuliko ule wa nazi.

2.0 Usuli na Kiunzi cha Nadharia

Majina ya hatua za nazi yaliingia mapema katika kamusi. Yanapatikana katika kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, yakarudiwa katika kazi ya Madan mwanzoni mwa karne ya 20, kisha katika kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930. Katika mwaka huo huo wa 1939, Sacleux naye alitoa kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981 na kufuatiwa na matoleo mengine. Baraza la Kiswahili la Zanzibar likatoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na BAKITA Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Kwa hiyo hatuhakiki pengo la kusahauliwa. Maneno yamo. Kinachohakikiwa ni namna yalivyofasiliwa.

Jambo moja la kihistoria linafaa kukumbukwa. Kamusi za mwanzo ziliandikwa kwa ajili ya msomaji wa lugha ya Ulaya. Kazi yake ilikuwa kumpa mgeni kisawe, na mahali pasipo na kisawe, maelezo mafupi ya kumwezesha kuelewa anachouziwa sokoni. Kamusi za lugha moja zilizofuata zilikuwa na msomaji mwingine, lakini katika uga huu zilirithi umbo la maelezo yale yale. Aidha, usanifishaji ulichagua Kiunguja, na lahaja za Pemba zikabaki zaidi kuwa malighafi ya tafiti maalumu, kama ile ya Whiteley ya mwaka 1958 kuhusu lahaja na tungo za kisiwa hicho. Ujuzi wa vijiji kama Wambaa haukuwa chanzo cha fasili. Ulikuwa kitu cha kuandikiwa tanbihi.

Kiunzi kinachotumika hapa ni Nadharia ya Uga wa Maana, inayohusishwa na Jost Trier kwa kazi yake ya mwaka 1931. Nadharia hii inashikilia kwamba neno hupata maana kutokana na mipaka yake na maneno jirani ndani ya uga mmoja: likiondolewa moja, mengine husogea. Kiunzi hiki kinafaa, lakini kina hatari ambayo ni lazima itajwe mapema. Kinaweza kumshawishi mwanakamusi aamini kwamba kulitaja neno jirani kunatosha kulifasili neno. Sehemu inayofuata inaonesha kwamba kosa hilo ndilo lililotokea.

3.0 Uhakiki wa Fasili

3.1 Kufasili kwa mnyororo

Utaratibu unaozoeleka ni kuifasili kila hatua kwa hatua iliyo kando yake. Kitale huelezwa kwa kuwa kabla ya dafu, koroma kwa kuwa baada ya dafu na kabla ya nazi, na dafu kwa kuwa bado halijawa nazi. Kwa msomaji anayejua angalau hatua mbili, mnyororo huo unasaidia. Kwa asiyejua hata moja, ni mduara. Anaambiwa kwamba kitu kimesimama kati ya vitu viwili asivyovijua.

Tatizo linazidishwa na neno nazi lenyewe, ambalo lina maana mbili. Kwa upana ni jina la tunda la mnazi katika hatua yoyote; kwa ufinyu ni hatua ya mwisho tu. Fasili inayosema kwamba dafu ni nazi changa inatumia maana pana. Lakini mtoto wa Wambaa akitumwa kuleta nazi harudi na dafu, na akirudi nalo ataulizwa kama alisikia alichotumwa. Katika matumizi, maana finyu ndiyo yenye nguvu. Kamusi isiyozitenganisha maana hizi mbili kwa namba inamfanya msomaji aichukue ya pili mahali palipokusudiwa ya kwanza.

3.2 Kigezo cha ukubwa na umri

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi. Maneno kama changa na kubwa yanamfanya msomaji aone tunda linaloongezeka ukubwa kutoka hatua hadi hatua, kama mtoto anayekua. Kwa kidaka na kitale picha hiyo ni ya kweli. Kwa dafu, koroma na nazi si kweli. Tunda la mnazi huchukua takriban miezi 12 tangu kutungishwa hadi kukomaa, na hufikia ukubwa wake kamili karibu na nusu ya safari hiyo, yaani katika mwezi wa sita au wa saba. Kuanzia hapo halikui kwa nje. Dafu na nazi za mnazi mmoja zinaweza kulingana kwa ukubwa, na kwa kuwa kumbi la nazi limeanza kukauka, dafu ndilo linaloweza kuwa zito zaidi mkononi.

Kinachobadilika kiko ndani. Baada ya utungisho, tishu ya akiba ya nazi, inayoitwa endospermu, huwa ni kimiminiko chenye viini vingi vya seli visivyotengwa kwa kuta. Maji ya dafu ndiyo tishu hiyo. Si maji yaliyonywewa kutoka ardhini na kuhifadhiwa tu. Karibu na mwezi wa sita, kuta za seli huanza kujengeka kandokando ya kifuu, na nyama laini hutokea, kwanza upande ulio mbali na macho ya nazi, kisha huenea pande zote. Katika mwezi wa saba au wa nane, sukari katika maji hufikia kilele chake, takriban asilimia 5. Baada ya hapo hupungua, na katika nazi iliyokomaa huweza kubaki nusu ya kiwango hicho. Wakati huo huo nyama hukaza na mafuta hujazana ndani yake, hata nyama mbichi ya nazi iliyokomaa huwa na takriban theluthi moja ya uzito wake ikiwa mafuta, na protini kiasi cha asilimia 3 au 4 tu. Karibu nusu ya asidi za mafuta hayo ni asidi ya lauriki.

Kwa hiyo mpaka kati ya dafu na koroma si mpaka wa udogo na ukubwa. Ni mahali ambapo sukari iliyokuwa katika maji inaanza kushindwa na mafuta yanayoshika katika nyama. Wasemaji waliuweka mpaka huo kwa ulimi na kwa mkono, bila kipimo cha maabara. Dafu hunywewa na nyama yake hukombwa kwa kijiko kilichochongwa kwenye kumbi. Koroma halina utamu wa dafu, wala halina tui la nazi. Ni jina la hatua ambayo faida moja imepita na nyingine haijafika.

3.3 Kukomaa si kuiva

Udhaifu wa tatu unaonekana katika urithi wa lugha za Ulaya. Neno la Kiingereza linalotumika kwa embe lililoiva hutumika pia kwa nazi iliyo tayari, na kamusi za mwanzo zililitumia hivyo. Zilipotafsiriwa fikra hizo, koroma likawa tunda lisiloiva vizuri. Lakini Kiswahili hakisemi hivyo. Embe huiva, ndizi huiva, papai huiva. Nazi hukomaa au hupevuka. Kusema ‘nazi mbivu’ kunakwaruza sikio la mtu wa pwani.

Tofauti hiyo si ya mapambo. Ndizi inapoiva, wanga wake hugeuka sukari: tunda huanza kavu na kumalizia tamu. Nazi hufuata njia iliyo kinyume. Huanza na sukari na kumalizia na mafuta. Methali isemayo mvumilivu hula mbivu imejengwa juu ya ndizi na embe. Haiwezi kujengwa juu ya mnazi, kwani anayelingojea dafu haongezewi utamu bali hupunguziwa, na badala yake hupewa tui. Lugha imezitenga njia hizi mbili kwa vitenzi viwili tofauti. Fasili inayovichanganya inaifuta habari ambayo lugha ilikuwa imekwisha kuihifadhi.

3.4 Kutenganisha hatua na matumizi yake

Udhaifu wa nne unahusu mpangilio. Katika kamusi, tui, kasimile, chicha, mbata na nahau ya kufua dafu hupatikana kila moja mahali pake kialfabeti, bila kuelekezwa kwenye hatua za tunda. Utaratibu wa kialfabeti hauepukiki, lakini marejeo ya ndani yangeweza kuuponya.

Chukua tui. Tui ni mafuta yaliyotawanyika katika maji kwa vitone vidogo, na kinachovizuia vitone hivyo visiungane upesi ni protini za nyama ya nazi. Mpishi anapochemsha tui kwa muda mrefu ili kupata mafuta ya nazi, joto huzigandisha protini, vitone huungana, na mafuta huja juu. Mkamuo wa kwanza, kasimile, hubeba sehemu kubwa ya mafuta; mikamuo inayofuata huwa mepesi; chicha ndiyo masalio. Hii ndiyo sababu koroma halipendwi kwa tui: akiba yake ya mafuta bado haijatimia. Fasili ya koroma isiyotaja tui imeacha kipimo ambacho mpishi hukitumia kila siku.

Chukua pia nahau ya kufua dafu, yenye maana ya kufanikiwa katika jambo gumu, na ambayo mara nyingi husemwa kwa kukanusha: hafui dafu. Kamusi hutoa maana ya nahau bila kueleza ilikotoka. Usomaji unaopendekezwa hapa ni huu: nazi hufuliwa kwenye kifuo kwa sababu kumbi lake limekauka na nyuzi zake huachia. Kumbi la dafu bado ni bichi, limejaa unyevu na limeng’ang’ania kifuu, na kwa sababu hiyo dafu hukatwa kwa panga. Anayelipeleka kwenye kifuo amechagua kazi iliyo ngumu kuliko kawaida. Maana ya nahau imefungwa ndani ya hatua ya ukuaji. Msomaji asiyeijua hatua hukariri nahau, lakini haielewi.

3.5 Suala la joya

Neno joya linastahili kutajwa peke yake. Fasili zinazozoeleka hulieleza kuwa nazi yenye kitu cheupe, laini mfano wa sifongo, mahali pa maji na nyama ya kawaida. Maelezo hayo ni sahihi kwa jicho, lakini yanaliweka joya katika kundi la nazi zenye kasoro. Kwa nazi inayoota, si kasoro hata kidogo. Kiinitete kinapoanza kuchipua, hupeleka ndani ya kifuu kiungo cha kunyonyea, ambacho hukua hadi kuijaza nafasi yote. Kiungo hicho huyeyusha nyama ya nazi polepole, na mafuta yake hugeuzwa tena kuwa sukari ili kulisha mche. Ndiyo maana watoto hulipenda joya: ni tamu.

Hapo mduara unafungika. Sukari iliyokuwa katika dafu iligeuka mafuta katika nazi, na mafuta hayo yakarudi kuwa sukari katika joya. Kamusi inayoliita joya nazi isiyo ya kawaida imeikata hadithi mahali inapokamilika. Mbata, kwa upande wake, ni njia nyingine iliyo wazi kwa nazi ile ile: badala ya kuota, hukauka, nyama ikabanduka na kifuu, na kwa kupotea maji kiwango cha mafuta hupanda hadi takriban asilimia 60 au 65 ya uzito.

4.0 Soya kama Kioo

Inaweza kudaiwa kwamba uhakiki huu unaibebesha nazi mzigo wa nadharia ambao si wake. Ulinganisho na soya unasaidia kujibu dai hilo, na pia unaonesha mipaka ya hoja.

Soya haina historia ndefu nchini. Ilijaribiwa Amani, Usambara, mwaka 1907 wakati wa utawala wa Wajerumani, na leo hulimwa zaidi Nyanda za Juu Kusini kuliko pwani. Kiswahili kimeipa jina moja tu. Hakuna kidaka cha soya wala koroma la soya. Lakini ndani ya ganda lake kuna mvutano ulio mkali kuliko wa nazi. Mbegu kavu ya soya huwa na takriban asilimia 40 za protini, asilimia 20 za mafuta, na sukari mumunyifu kiasi cha asilimia 10 hadi 15. Akiba hiyo haikai katika endospermu kama ya nazi. Hukaa katika kotiledoni, yaani vile vipande viwili vinavyoonekana mbegu inapopasuliwa.

Mmea mama huipelekea mbegu sukrosi na asidi amino, hasa asparajini na glutamini. Katika hatua ya kwanza seli hugawanyika na sukari nyepesi huwa nyingi. Katika hatua ya kati, protini na mafuta hujazwa kwa pamoja, na wanga hujikusanya kwa muda, kisha huyeyushwa kabla ya mbegu kukomaa. Katika hatua ya mwisho, mbegu inapokauka, rafinosi na stakiosi huongezeka. Sukari hizi huhusishwa na uwezo wa kiinitete kustahimili ukavu, na ndizo zinazomsumbua mlaji kwa gesi tumboni.

Mvutano unatokana na gharama. Mwaka 1974, Penning de Vries na wenzake walikokotoa kwamba gramu 1 ya glukosi huweza kujenga takriban gramu 0.83 za wanga, lakini takriban gramu 0.4 tu za protini ikiwa nitrojeni inatokana na nitrati, na takriban gramu 0.33 za mafuta. Mbegu inayochagua mafuta au protini hulipa sukari nyingi zaidi kwa kila gramu inayoweka. Mwaka mmoja baadaye, Sinclair na de Wit walionesha kwamba soya huhitaji nitrojeni nyingi kiasi kwamba hulazimika kuiondoa katika majani yake yenyewe, na kwa kufanya hivyo huufupisha muda wake wa kujaza mbegu. Wazalishaji wa mbegu nao wamekutana na ukuta huo huo: mbegu iliyochaguliwa kwa protini nyingi aghalabu hupungua mafuta, na mara nyingi mavuno pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionesha kwamba jeni mbili za usafirishaji wa sukari, GmSWEET10a na GmSWEET10b, zilipendelewa wakati soya ya mwituni ilipofugwa kuwa zao, na kwamba kazi yake huongeza ukubwa wa mbegu na mafuta huku ikipunguza protini. Kiasi cha sukari kinachoingia katika kiinitete, na wakati inapoingia, ni sehemu ya uamuzi wa kile kitakachohifadhiwa.

Tofauti na nazi ni kubwa na haipaswi kufunikwa. Protini ya nazi ni kidogo. Kwa hiyo ushindani wa pande tatu wa soya, katika nazi huonekana zaidi kama makabidhiano ya pande mbili, sukari na mafuta. Tishu ni nyingine, na muda ni mwingine: soya hujaza mbegu kwa wiki, nazi kwa miezi. Hata hivyo, muundo wa tatizo ni mmoja. Sukari inayoingia ni moja, matumizi ni mengi, na kinachowekwa huku kimetolewa kule. Ni katika nazi peke yake ambako Kiswahili kimeupa mpito huo majina, hatua kwa hatua, kabla ya mwanafiziolojia kuufikia.

Hapa inabidi kujihadhari na kosa la upande wa pili. Baadhi ya wahakiki wa maarifa asilia huvuka kutoka kwenye msamiati hadi kudai kwamba wazee walijua sayansi ya kisasa kwa jina jingine. Majina ya nazi hayathibitishi hilo. Mkwezi anayelitikisa tunda na kusikiliza kama maji yanacheza ndani yake hajui asidi ya lauriki, wala hahitaji kuijua. Anachojua ni kwamba dafu, kwa kuwa limejaa, halisemi. Nazi, kwa kuwa maji yake yamepungua na hewa imeingia, husema. Jina linabeba ushahidi wa hisi, si maelezo ya chanzo. Hoja yetu inaishia hapo: ushahidi huo ni sahihi, nao una haki ya kuingia katika fasili.

5.0 Athari na Mapendekezo

Suala hili lina uzito nje ya kamusi. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia hisabati na sayansi kuanzia darasa la tano, na mojawapo ya sababu zinazotajwa mara kwa mara katika mjadala wa namna hiyo ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. TUKI ilikuwa imekwisha kuchapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, lakini kazi ya aina hiyo huanzia kwenye istilahi ya Kiingereza na kuitafutia kisawe. Mwanafunzi wa Wambaa anayefundishwa endospermu kama neno geni amekunywa endospermu tangu utoto. Kinachokosekana si neno bali daraja, na kamusi ya jumla ndiyo mahali pa kulijengea. Ikiwa fasili ya dafu inamwambia tu kwamba ni nazi changa, daraja hilo limeng’olewa kabla hajalifikia.

Zinapendekezwa fasili zifuatazo, zikiwa msingi wa mjadala:

Kidaka ni tunda la mnazi lililotoka katika upunga, dogo, ambalo karibu lote ni kumbi na halijashika maji.

Kitale ni tunda la mnazi lililoanza kushika maji lakini halijatunga nyama, maji yake yakiwa hayajakolea utamu na kifuu chake kikiwa bado laini.

Dafu ni tunda la mnazi lililofikia ukubwa wake kamili, lililojaa maji matamu ya kunywa, lenye nyama laini isiyotoa tui na kumbi bichi lisilofulika kwa wepesi.

Koroma ni tunda la mnazi ambalo nyama yake imekaza na utamu wa maji yake umepungua, lakini mafuta yake hayajatimia, hivyo hutoa tui jepesi.

Nazi ni, 1. jina la jumla la tunda la mnazi, 2. tunda la mnazi lililokomaa, lenye kumbi linalokauka, maji machache yanayocheza likitikiswa, na nyama ngumu yenye mafuta mengi ya kutoa tui zito.

Mbata ni nazi iliyokaukia ndani ya kifuu hadi nyama ikabanduka, yenye mafuta mengi kwa uzito kuliko nazi mbichi.

Joya ni kitu cheupe, laini na kitamu kinachoijaza nazi inayoota, ambacho ni kiungo cha mche cha kunyonyea akiba. Pia nazi yenye kitu hicho.

Fasili hizi zina kasoro ya urefu, na mhariri wa kamusi anaweza kuzipunguza. Asichoweza kukipunguza bila hasara ni vigezo vitatu: hali ya maji, hali ya nyama, na tui. Kila fasili kati ya ile ya kitale na ile ya nazi ina angalau viwili kati ya hivyo, na hakuna hata moja inayomtaka msomaji awe tayari anaijua hatua jirani.

6.0 Hitimisho

Uhakiki umeonesha kwamba kamusi za Kiswahili zimeyahifadhi majina ya hatua za nazi kwa uaminifu, lakini zimeyafasili kwa vigezo vya umri, ukubwa na upungufu, ambavyo si vigezo vya wasemaji. Ulinganisho na soya umeonesha kwamba kigezo cha wasemaji, yaani kile kinachopatikana ndani ya tunda kwa wakati fulani na kile kilichotolewa ili kukipata, ndicho pia kinachomshughulisha mwanafiziolojia. Nadharia ya Uga wa Maana ilisaidia kuona kwamba majina haya ni mfumo mmoja. Haikutosha kueleza kinachoufanya uwe mfumo. Jibu la swali hilo halikuwa katika uhusiano wa maneno peke yake. Lilikuwa ndani ya kifuu.

Utafiti zaidi unahitajika katika vijiji vya Pemba, Wambaa kikiwamo, ili kujua iwapo lahaja za kisiwa zina majina ya hatua za kati ambazo usanifishaji haukuzichukua, na iwapo vijana wanaonunua tui la kopo wanaendelea kulitenga koroma na nazi kwa mkono. Kama mpaka huo unafifia, kazi ya mwanakamusi inakuwa ya haraka zaidi, kwa kuwa fasili itabaki kuwa mahali pa mwisho ambapo ujuzi huo unaweza kupatikana, na fasili iliyopo sasa haiutoi.